Ijumaa ya Panya Wanne

Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama saa ya baba ukutani, nikipiga hesabu nilale saa ngapi ili niweze kuamka saa kumi alfajiri.

Kesho ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na kwangu ilikuwa ya tisa. Anayeijua ibada hii anaelewa: Ijumaa tisa za kwanza mfululizo, Misa na Komunyo, bila kuruka hata moja. Ukiruka, unaanza upya. Nilianza Oktoba nikiwa shuleni. Januari nilikwenda na malaria, nikitetemeka mpaka wenzangu wakanishika mabega. Nane zote nimezichorea msalaba mdogo kwenye jalada la ndani la daftari hili. Ilibaki moja tu, na nilikuwa likizo nyumbani, na kutoka kwetu hapa Maposeni mpaka kanisani ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Nilikuwa uani napiga pasi gauni la Misa wakati Mama Benigna alipoingia. Ni jirani yetu. Amejifungua Jumapili, na mumewe yuko Tunduru kwenye kazi ya korosho. Alikuwa amempakata mtoto, anatembea kama mtu anayepita kwenye utelezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gaudensia. Mwanangu, kesho asubuhi ungekuja kunishikia nyumba kidogo. Maji yameniishia, na tumbo bado linauma, ndoo siwezi kuinua. Mama yangu anafika Jumamosi."

Mimi si msemaji. Nikiongea na watu wazima huwa natazama vidole vya miguu yangu. Lakini jana maneno yalinitoka vizuri ajabu. "Ningekuja, mama, ila kesho nina Ijumaa yangu ya tisa. Nitakuombea sana."

"Haya, mwanangu. Niombee." Akageuka, akaondoka polepole, mkono mmoja ukishika uzio.

Bibi Otilia, mama yake baba, alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Alisikia kila kitu. Alimaliza hindi lake, akachukua jingine, akalimaliza na hilo. Ndipo akaniita.

"Gaudensia. Zima pasi, lete kigoda."

Nilijua nimekosa, ila sikujua nimekosa nini. Naandika hapa kama alivyosema. Nimeondoa tu kikohozi chake, na mara mbili aliponituma nimfukuze mbuzi.

*

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo mimi mpaka leo sijaimaliza. Kaa vizuri. Chukua na wewe hindi, mikono isikae bure.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi, hakuna aliyekuwa anaandika. Tulikaa upande huu huu wetu. Ungeiona nchi hii kabla ya vita ya Maji Maji, mwanangu! Asubuhi za baridi kama hizi za Juni moshi ulikuwa unalala juu ya mapaa ya nyasi, hautaki kuondoka, na kila nyumba ina ghala lake la ulezi limejaa mpaka mlangoni. Baba yangu alikuwa na ng'ombe sita. Alikuwa na sauti nene, na akienda kuwafungulia ng'ombe alikuwa anaimba, sisi tulio ndani tunajua sasa amefika wapi kwa kusikia wimbo. Nikisikia leo mtu anaimba mbali asubuhi, bado nageuka.

Kisha ikaja dawa. Ilitoka mbali, upande wa pwani. Maji. Ukiyanywa au ukinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani ikikufikia inakuwa maji. Usicheke. Watu walikuwa wamechoka na viboko na kazi za bure, na mtu aliyechoka haulizi maswali mengi. Lakini dawa ilikuwa na miko yake: usile hiki, usiguse kile, usilale na mkeo. Baba alishika miko yote. Nilimwona mimi kwa macho yangu, alikuwa hata kijiko cha mama hakishiki.

Hakurudi.

Na sasa sikia jambo hili. Wale waliorudi hawakusema kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Walisema: kuna mtu alivunja mwiko. Nilisikia mzee mmoja analisema hilo kwenye matanga ya baba, akitutazama sisi watoto mmoja mmoja, kana kwamba ni mmoja wetu aliyekula kitu. Lile neno likaniingia. Nikakua nalo.

Baadaye Wajerumani wakapita kuchoma maghala. Ulezi unanukia vizuri ukiungua, unajua? Kama chakula. Tulisimama porini na njaa yetu tunanusa. Mwaka uliofuata hakukuwa na mbegu wala nguvu ya kulima. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Nikachukuliwa na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye mumewe naye alikufa vitani, na alikuwa na mtoto mchanga wa kiume. Tukawa watatu katika kibanda kimoja: yeye, mtoto na mimi.

Misheni ilikuwa imeungua vitani, lakini Padre alirudi, wakajenga kanisa la nyasi. Kengele ilikuwa kipande cha chuma kimetundikwa kwenye mti, na kila asubuhi mwalimu wa dini alikigonga kwa jiwe. Huyo ndiye Mwalimu Kasiani. Mtu mrefu, mwembamba, mcheshi sana. Akikukuta umekaa kwa huzuni anakuambia, "Inua uso huo kabla hujaukanyaga." Nilijiunga na wanafunzi wa dini kwa ajili ya nyimbo, nisikudanganye. Nyumbani kulikuwa kimya mno, na pale watu waliimba.

Nikawa wa kwanza kwa sala. Sisi tulizungumza Kingoni, sala zilikuwa kwa Kiswahili, nusu sikuzielewa, lakini midomo yangu ilizishika zote. Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, litania nzima ya Bikira bila kukwama. Nilisali hata neno mkate wakati mkate wenyewe sijauona. Nilikuja kuuonja nimeshaolewa. Wenzangu wakikosea nilikuwa nawasahihisha kwa sauti, na wakubwa pia. Siku moja mama mmoja akaniambia, "Wewe mtoto, Mungu atakuomba umfundishe." Watu wakacheka. Mimi nilidhani ananisifu.

Basi Mwalimu Kasiani akatufundisha kwamba Ijumaa Mkristo hali nyama, kwa kukumbuka mateso ya Bwana. Mwanangu, yeye alisema kukumbuka. Mimi nilisikia mwiko. Nikajiambia, sawa, hii dawa ni mpya, nayo ina miko, na safari hii hakuna mtu atakayeivunja katika nyumba yetu. Safari hii hafi mtu. Unaona? Nilikuwa nawacheka watu waliokunywa maji, na mimi nilikuwa nimebadili chungu tu.

Ikafika Ijumaa hiyo. Maziwa ya mama mdogo yalikuwa yamekauka siku mbili. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na mtoto wa njaa akiacha kulia ndipo unapoogopa. Mimi niliamka alfajiri nikaenda kusali. Mama mdogo akachukua jembe, lililobaki kipande kama kiganja, akaenda kwenye shamba lililoungua kuchimba panya.

Najua ninyi wa sekondari mnakunja pua. Panya wa shamba ni kitoweo, waliwala babu zako, na mtu akikupikia leo bila kukuambia utaomba tena. Lakini kumchimba ni kazi. Shimo lina milango mitatu, minne; unaziba huku kwa nyasi, unachimba kule, unafuata njia yake chini kwa chini. Kwa mtu mwenye nguvu ni asubuhi nzima. Yeye alichimba akiwa na mtoto mgongoni na magoti yanagongana. Alipata wanne. Akawababua manyoya, akawapasua, akawabandika jikoni na majani ya porini. Halafu usingizi ukamchukua pale pale karibu na moto.

Nikarudi kutoka sala saa sita hivi. Ile harufu nilianza kuisikia nikiwa mbali. Nikafunua chungu.

Mwanangu, na mimi nilikuwa na njaa. Mate yalinijaa mdomoni, na ndiyo maana nilifanya haraka. Nilisema, shetani huyu. Nikabeba chungu kwa majani mawili, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakimwaga jaani, juu ya jivu. Nikarudi nimejaa furaha. Nilidhani nimemwokoa.

Mama mdogo akaamka. Akatazama mafiga.

"Chungu kiko wapi?"

"Nimemwaga, mama mdogo. Leo Ijumaa. Nyama hailiwi."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, akasema polepole, kama mtu anayetuma salamu: "Basi iambie hiyo Ijumaa yako ije imnyonyeshe mtoto."

Akatambaa. Kusimama alishindwa. Alitambaa mpaka jaani na mtoto mgongoni, akaanza kupekua jivu kwa vidole.

Ndipo akatokea Mwalimu Kasiani. Siku za njaa ile alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, waliobatizwa na wasiobatizwa, kuona nani ameamka na nani hakuamka. Nilipomwona nilisimama wima. Nilikuwa nangoja sifa, nakuambia kweli. Nikamweleza yote kwa haraka: Ijumaa, nyama, nilivyokuta chungu, nilivyomwaga.

Aliweka kitabu chake chini, kitabu chake cha sala, chini kwenye vumbi, akapiga magoti jaani pembeni ya mama mdogo, na yeye akaanza kupekua. Wakapata watatu. Wa nne alikuwa amevunjikavunjika, hawakumpata wote.

"Lete maji," akaniambia.

Nikaleta. Akawaosha panya mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama anaosha vyombo vya altare. Akarudisha chungu motoni, akapuliza mwenyewe. Mimi nimesimama tu. Chungu kilipoanza kuchemka ndipo aliponitazama.

"Otilia," akasema. Nilikuwa bado sijabatizwa, lakini jina nilikuwa nimeshalichagua na kila mtu nilimlazimisha aniite hivyo. "Asubuhi umesali nini?"

"Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki na litania."

"Sali Baba Yetu."

Nikaanza, harakaharaka, vizuri, bila kosa. Nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku akainua mkono.

"Ngoja hapo. Umemwomba nini?"

"Mkate."

"Mkate wa lini?"

"Wa leo."

"Asubuhi umemwomba cha leo. Yeye amekiweka jikoni mchana. Wewe umekimwaga jaani." Hakuwa amekasirika, mwanangu, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka. "Tangu lini umekuwa unasali bila kutegemea kujibiwa?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia habari ya mwiko. Kwamba baba alikufa kwa sababu kuna mtu alivunja, na mimi sikutaka kuvunja.

Akasogeza kuni motoni, kisha akasema, "Baba yako hakufa kwa sababu ya kosa la mtu aliyekula kitu. Alikufa kwa risasi. Na Mungu si mganga, hakuvizii uteleze. Jumapili Padre ametangaza kanisani kwamba mwaka huu wa njaa hakuna anayefungwa na Ijumaa, kila mtu ale anachopata. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwepo, mwanangu! Mbele kabisa. Nilikuwa nafanya mazoezi ya litania kimoyomoyo, nisije nikakosea baada ya hotuba. Sikusikia hata neno moja.

Alimlisha mama mdogo kwa mkono wake, supu kwanza, kisha nyama. Akanipa na mimi mguu mmoja. Nikasema sistahili. Akasema, "Kula. Utii wako wa leo ni huo." Yeye hakula. Alipangusa chungu kwa kidole, akakilamba kile kidole, akatabasamu, akasema, "Umetia chumvi ya jivu, si mbaya." Akachukua kitabu chake, akakipiga kofi vumbi litoke, akaenda nyumba ya pili.

Jioni maziwa yalitoka kidogo. Mtoto akalia. Sijawahi kusikia wimbo wa kanisani unaofika pale. Mtoto huyo ndiye babu yako Anselmi wa Matogoro, yule anayekuchekesha kwa meno yake mawili.

Mwalimu Kasiani hakuyafikia mahindi mapya. Kila alichopewa na misheni alikuwa anakigawa njiani. Wanaume waliouosha mwili wake walisema nyayo zake zilikuwa zimepasuka mpaka nyama inaonekana.

Unadhani yameisha? Mama mdogo alinisamehe chungu. Alinilea mpaka nikaolewa. Lakini nilipobatizwa na kumwomba naye aje kanisani, alisema, "Mimi na Mungu anayemwaga vyungu hatujuani." Si kwa hasira. Alisema tu, huku anasuka ukili. Hapo nikaelewa nilichokifanya kwenye lile jaa. Panya walirudi chunguni. Yeye hakurudi. Watu wengine, mwanangu, Injili ya kwanza wanayoisoma ni sisi, na mimi nilikuwa nimemfungulia ukurasa huo.

Sikumhubiria tena. Kila Ijumaa, nikitoka shambani, nilipita kwake na kuni, au maji, au kitoweo. Nikikuta ana kazi naifanya. Nikikuta hana, tunakaa. Ilikwenda miaka mingi, nimezaa watoto wanne. Siku moja naaga, nipo mlangoni, akasema, "Jumapili ukienda huko kwenu, nipitie." Basi. Sikuuliza. Nilitembea mpaka kwangu nalia njia nzima, watu wakadhani nimefiwa.

Sasa sikiliza, maana jua linakwenda na mahindi hayajaisha. Sikuambii uache sala. Nisikusikie unawaambia watu kwamba bibi amesema sala si kitu. Mimi rozari yangu naisali kila siku na nikifa nizikwe nayo. Nakuambia usizifanye kinga. Ukiona sala inakufanya usimsikie mtu anayekuita, simama, jiulize unasali kwa nani. Mungu hazihesabu Ijumaa zako kwa vidole, anasubiri uamke na uangalie aliyekuletea mlangoni ni nani. Funga kwa sababu unampenda, siyo kwa sababu unamwogopa. Na ukikosea, maana utakosea, piga magoti pale pale ulipomwaga, upekue.

Sogea hapa, nikushike kichwa. Mungu wa baba yangu aliyeimba, na wa Mwalimu Kasiani aliyepuliza moto wetu, akupe masikio mepesi na miguu myepesi. Wenye shida wasikuogope. Wasije wakapita mlangoni pako kwa kunyata. Na siku yako ikifika, akukute una kazi mkononi. Amina.

Haya, nenda kamalize pasi yako. Mimi sikutumi popote.

*

Kweli, hakunituma popote. Nilimaliza pasi, nikatundika gauni. Niandike ukweli kwa sababu daftari hili ni langu: nilikuwa na hasira. Nilitafuta namna ya kufanya yote mawili. Nikienda Misa na kurudi mbio, saa tatu ningekuwa nimefika. Lakini yeye aliomba asubuhi, na kichanga hakingoji saa tatu.

Leo Ijumaa nimeamka saa kumi alfajiri kama nilivyopanga. Nimevaa kanga ya kazi. Nilikwenda bombani na ndoo mbili, mara tatu, baridi inakata vidole. Mama Benigna alifungua mlango ameshika ukuta. Akanitazama, akatazama ndoo.

"Gaudensia! Si ulisema una Misa?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. "Nimekuja, mama."

Akanipisha mlangoni. Nilikoroga uji, nikamwogesha mtoto, nikafua nepi zote. Kengele ya kanisani ilisikika kwa mbali wakati mikono yangu iko kwenye povu, na sitaki kudanganya, iliniuma. Nikaendelea kukamua. Mama Benigna alikunywa uji bakuli mbili, akalala fofofo, na mimi nikakaa mlangoni na mtoto mapajani. Alikuwa macho, ananitazama bila kupepesa. Nilitaka nimsalie kitu, mimi ninayezijua sala zote, nikakosa hata moja. Nikamfunika miguu, nikakaa naye mpaka mama yake alipoamka na kusema, "Haya, mlete, ana njaa."